Korongo wa Kaka Hajafika Hombolo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukingoni mwa bwawa la Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, mnunuzi wa samaki hana kazi. Mitumbwi bado imo majini, deli la barafu limeshashushwa, ndoo zimepangwa, na kijana wa Noah aliyenileta kutoka mjini ameshalaza kiti anakoroma. Huu ni mwaka wa tisa nachukua perege na kambale Hombolo napeleka soko la Majengo. Miaka sita ya mwanzo muda ule wa kusubiri niliumaliza kwa kulalamikia baridi. Siku hizi naangalia ndege.

Wa kulaumiwa ni kaka yangu. Yuko Ujerumani, kaskazini, si mbali na mji wa Rostock, anapika kwenye hoteli moja ya pwani. Siku yake ya mapumziko hupanda basi kwenda hifadhi ya taifa ya huko, eneo la bahari ya kina kifupi, matete na visiwa, lililotangazwa hifadhi mwaka 1990. Jina lake Vorpommersche Boddenlandschaft. Mimi nimeshindwa kulitamka na yeye amechoka kunicheka. Alipokuja likizo aliniletea darubini ya mtumba yenye kamba iliyokatika, badala ya simu niliyomwagiza. Nilinuna siku mbili.

Mara ya kwanza kuibeba kule bwawani, mitumbwi mitatu iliyokuwa inakuja iligeuka ikarudi katikati. Nikadhani wameona mamba. Kumbe wameniona mimi. Kwa mvuvi, mtu anayesimama ukingoni alfajiri na darubini ni mtu wa doria, anatafuta makokoro na nyavu za macho madogo. Ilinigharimu wiki nzima na chupa kadhaa za chai ya tangawizi mpaka wakaamini kwamba ni yuleyule mama samaki anayewakopa kila Ijumaa. Mzee mmoja wa Kigogo, mwenye mtumbwi wa bluu, ndiye aliyekubali kwanza kuitia jicho. Akaangalia weee, akanirudishia, akasema: "Mbona umewasogeza? Walikuwa wamekaa zao mbali vizuri."

Dodoma ukisema unafuatilia ndege, mtu anafikiria kweleakwelea wanaomaliza uwele na mtama, na anakuuliza dawa itamwagwa lini. Au anafikiria kuzumburu kwenye zabibu. Jirani yangu mwenye mizabibu, Agosti hii wakati wa mavuno ya pili, alinitazama na darubini yangu akauliza kama ina upande wa kurusha mawe. Simlaumu.

Basi Agosti. Kwa kaka huo ni mwisho wa joto. Kwetu ni upepo ule mkavu unaokusanya vumbi lote la Ihumwa ukakumwagia machoni. Tarehe 20 usiku alinitumia sauti: "Mdogo wangu, kiota cha juu ya paa la zizi kiko tupu. Wameondoka asubuhi, wanakuja kwako." Anasema korongo. Weupe wale, mbawa zina weusi pembeni, mdomo na miguu myekundu. Huko wanajenga viota juu ya nyumba za watu na hakuna anayewatupia jiwe, wanahesabiwa kama wageni wa heshima.

Ninavyomuelewa, korongo ni mvivu mwenye akili. Hapigi mbawa kama ana njia nyingine. Anasubiri jua lipashe ardhi, hewa moto ipande, naye anapanda nayo akizunguka kama mwewe juu ya machinjio, kisha anateleza mbele mpaka akute nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri, ndiyo maana hakatizi Mediteranea. Wa kule kwa kaka wanazunguka mashariki: wanavuka mlango wa bahari pale Istanbul, wanashuka Uturuki na nchi za Sham, wanapita Sinai, wanafuata Nile hadi Sudan, na baada ya hapo wengine wanakuja huku kwetu, wengine wanapitiliza mpaka Afrika Kusini. Wa magharibi mwa Ujerumani wengi wanapita Hispania na kuishia Afrika Magharibi. Kwa hiyo kaka akisema "wanakuja kwako" hanipambi, ndiyo njia yao. Ila huku hawafiki mpaka Novemba au Desemba, mvua ikianza na viwavijeshi vikitoka. Mimi nikapokea ile sauti Agosti nikaanza kuangalia juu kuanzia asubuhi yake, kama mtu anayesubiri basi la kesho.

Mzee wa mtumbwi wa bluu alinipa pole. Akaniambia korongo wa kwanza ninayepaswa kumsubiri si huyo, ni yule mweusi mwenye tumbo jeupe, anatangulia mvua, na akishuka mashambani kwa makundi basi watu wanamalizia kulima. Nilikwenda kusoma na kweli: huyo hatoki Ulaya kabisa. Anazaliwa upande wa Saheli, chini ya jangwa la Sahara, mvua ya huko ikiisha anaifuata inakohamia. Mzee hajawahi kusikia neno Saheli. Anajua tu kwamba yule wa kaka ni mgeni wa pili.

Hapo ndipo nilipomsimulia habari ya mkuki. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, siyo mbali na anakoishi kaka, watu walimpiga risasi korongo aliyekuwa ametoka safari. Walipomwokota wakakuta shingoni amechomwa na kipande cha mti chenye chuma, kimepita upande hadi upande, urefu wake kama sentimita 80, na mti wenyewe wa Afrika. Alikuwa ameruka nacho njia yote. Wakamkausha, na mpaka leo yupo kwenye mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Rostock na mkuki wake shingoni. Kaka alikwenda kumwona, akanipigia picha. Kabla ya hapo wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana ndege wanakwenda wapi baridi ikija. Korongo wa namna hiyo wamehesabiwa kama 25 kwa jumla tangu wakati huo.

Nilidhani mzee atashangazwa na safari. Yeye akauliza, "Aliyerusha alikuwa kabila gani?" Nikasema haijulikani. Akafikiri kidogo. "Siyo Mgogo," akasema. "Mgogo angempata."

Sasa, wakati mimi nimeinua shingo kutafuta wakubwa, wadogo walikuwa wameshafika miguuni pangu. Hili ndilo lililonishika kweli, na ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo. Mwisho wa kiangazi maji ya Hombolo yanarudi nyuma sana. Wavuvi wananuna, mtumbwi unaburutwa mbali, na pale yalipokuwa maji mwezi wa tano panabaki tope jeusi lenye chumvichumvi, limepasuka pembeni na bado bichi katikati. Kwa macho yangu ya biashara ile ni hasara. Kwa vitwitwi ni meza iliyoandaliwa: viminyoo, mabuu ya inzi na mbu, wadudu wasioonekana.

Vitwitwi ni jina la watu wa pwani. Hapa bwawani wote wanaitwa vindege vya tope, na hakuna anayewatofautisha. Nami sikuwatofautisha. Yupo mmoja anatembea peke yake kwenye mawe ya tuta akinesanesa kitako bila kupumzika, kama muziki uko ndani yake. Yupo mrefu wa miguu ya kijanikijani, ukimkaribia anaruka na kupiga kelele tatu kali, tyu-tyu-tyu, na kila kilichokuwa kinakula kinaruka naye, huyo simpendi. Halafu wapo wadogo kabisa wanaokimbia kwenye tope kama panya, mdomo unadonoa mfululizo kama sindano ya cherehani.

Hao wadogo wana uzito wa gramu 25 hivi. Kwenye mzani wangu, kumi wao ndiyo perege mmoja wa robo kilo, yule ambaye wateja wa Majengo wananirudishia wakisema ni kinda. Na wanatoka kuzaliana pembezoni mwa Aktiki, kule kwenye baridi kali ya kaskazini mwa dunia, Siberia na kaskazini ya Skandinavia. Hata ukipiga mstari ulionyooka kutoka pwani ya Siberia hadi hapa ni zaidi ya kilomita 8,000, na wao hawanyooshi, wanashuka kwa vituo, mabwawa na maziwa, wengi wakisafiri usiku.

Kaka aliniambia niangalie migongo. Wa kwanza, niliowaona kuanzia katikati ya Agosti, walikuwa wamechakaa, manyoya yamefifia na kuliwa ncha, na wekunduwekundu uliobaki kama rangi ya khanga iliyofuliwa mno. Hao ni watu wazima. Wao huondoka Aktiki mapema, wengine Julai tayari wako njiani. Wanawaacha makinda nyuma, yanenepe. Kisha wiki kadhaa baadaye makinda nayo yanaondoka, yenyewe kwa yenyewe. Hakuna mama mbele wala mjomba wa kuonyesha njia. Anayekuja hajawahi kuiona Afrika, na ameipata.

Jumanne ya wiki iliyopita niliwaona. Manyoya mapya, kila unyoya umepigwa pindo jeupe, na mgongoni mistari miwili myeupe inayokutana kama herufi V. Nilihesabu kumi na nne kwenye kipande cha tope kisichozidi uwanja wa netiboli, nikapoteza hesabu, nikarudia, nikapata kumi na saba. Walikuwa wananijia. Hawaogopi watu, huko walikozaliwa watu ni wachache. Mmoja alipita karibu na ndoo yangu, akadonoa kitu kwenye unyayo niliouacha mimi mwenyewe. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu na kumpeleka stendi ya Nane Nane kwa daladala peke yake bado nasitasita.

Wavuvi waliingia nikachelewa kwenye mnada. Kambale wazuri wakachukuliwa na yule dada wa Chamwino.

Mbayuwayu walianza kupita siku hizohizo, juu juu, wakikata maji kwa vidomo kunywa. Habari yao nawapa wavuvi kila mwaka kwa sababu inawahusu: mwaka 1555 askofu mmoja wa Uswidi, Olaus Magnus, aliandika kwamba baridi ikija mbayuwayu hushikana mabonge na kulala chini ya ziwa, na kwamba wavuvi wa kaskazini huwavuta kwenye nyavu pamoja na samaki. Ubishi wa hivyo uliendelea karne nyingi. Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimvisha mbayuwayu pete mguuni, na Desemba 1912 ndege yuleyule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Mwaka wa tisa huu nimeona kwenye nyavu za Hombolo kandambili, chupa, kenge aliyevimba kwa hasira na mara moja sufuria nzima na mfuniko wake. Mbayuwayu bado.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiende Singida, flamingo wako mjini kabisa, Ziwa Singidani unaliona ukiwa kwenye basi. Nilikwenda. Ni wengi, ni wa waridi, na kila mtu alikuwa anajipiga picha. Wazuri. Nilikaa nusu saa nikarudi.

Kuhusu korongo, kaka amenipa kazi ya miguu. Kwenye kisiwa cha Hiddensee, ambacho sehemu yake imo ndani ya hifadhi yake, kilianzishwa kituo cha ndege mwaka 1936, na pete zao zimeandikwa HIDDENSEE GERMANIA. Ananitaka nikimwona korongo mweupe mashambani, nimsogelee kwa darubini nisome mguu. Nimemweleza kwamba darubini yenyewe jicho la kushoto lina ukungu, na kwamba mashamba ya Hombolo mwezi wa kumi na mbili yana tope la kumeza gumboti. Amejibu kwa picha ya kiota kitupu.

Jana saa kumi alfajiri simu iliita. Ni mzee wa mtumbwi wa bluu, sauti ya chini kama anatoa siri ya ndoa.

"Mbukwenyi, mama samaki. Vile vyako vya tope vimejaa huku upande wa mto. Vingi kama pumba. Na yule mrefu wa kaka yako hajafika, nimeangalia."

"Ahsante, mzee. Na samaki?"

"Samaki nao hawajafika. Wewe njoo na chai."