Nilivyochambua mitishamba ya kulinda ini nikiwa mkulima wa tumbaku Urambo

Baada ya misimu mingi ya kupulizia dawa mashambani huku Urambo, vipimo nilivyofanyiwa hospitalini Tabora mjini vilionyesha kwamba kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kilikuwa kimepanda hadi karibu mara tatu ya kikomo, ilhali homa ya ini ya aina B na C haikuonekana na pombe situmii. Daktari alinieleza kwamba kimeng'enya hicho hukaa ndani ya seli za ini, na kikizidi katika damu ni dalili kwamba seli hizo zinaumia na kuvuja. Alinikataza kushika bomba la dawa, akanionya pia kuhusu panadol ambazo wengi wetu humeza ovyo kichwa kinapouma baada ya kupulizia, kwani zikizidi kipimo huliumiza ini lilelile.

Habari za ugonjwa hazifichiki kijijini. Shemeji alileta majani ya mlonge, jirani akaleta manjano na rosela, na mzee mmoja wa gulioni akanipa chupa ya maji meusi ya mizizi.

"Shikamoo mzee. Hii ni mizizi ya mti gani?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni siri ya ukoo."

Nilimshukuru, lakini sikuinywa. Wakulima wa tumbaku tunaijua marejea, nasi huipanda kurutubisha udongo. Baadhi ya jamii zake zina sumu inayoziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini, kwa hiyo kitu kutoka porini hakiwi salama kwa sababu tu ni cha asili.

Niliamua kutumia tu mmea ninaoujua kwa jina, unaoliwa kama chakula, na ambao wataalamu wameuchunguza. Mlonge, manjano na rosela vimejaribiwa kwa panya waliopewa kaboni tetrakloridi, kemikali ambayo ini lenyewe huigeuza kuwa chembe kali inayoharibu mafuta ya kuta za seli, na madhara yakapungua. Mmea unaojulikana zaidi ni Silybum marianum, wenye miiba, wa nchi za Mediterania. Dawa itokanayo na mbegu zake hutumika Ulaya kwa waliokula uyoga wenye sumu, kwa kuwa husaidia kuizuia sumu hiyo isiingie katika seli za ini. Hata hivyo, katika majaribio mengi panya hupewa dondoo iliyopimwa, mara nyingi kabla ya sumu. Hapewi mlonge asubuhi na kurudishwa shambani na bomba mgongoni.

Majani ya mlonge niliyachuma yakiwa machanga, nikayaanika kivulini juu ya ungo, nikiyageuza mpaka yakawa yanasagika kwa kusuguliwa viganjani, kisha nikapepeta vikonyo. Mke wangu aliyapika kwa karanga kama apikavyo nsansa, yaani mboga ya majani yaliyokaushwa, akaniambia, "Baba Neema, hii si dawa, hii ni mboga." Mizizi na magome ya mlonge sikuyagusa kwa kuwa yana sumu. Karanga tulizichambua moja moja na kutupa zilizoota ukungu, kwani sumukuvu ni adui mkubwa wa ini na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Manjano tuliyatia chunguni kwa kiasi cha kiungo; vidonge vyake vilivyokolezwa na kuchanganywa na pilipili manga nilivikataa, kwa sababu vimewahi kuwaumiza ini baadhi ya watumiaji. Kila nilichokula kama dawa nilimtajia daktari, naye akakiandika katika faili.

Kipimo kilichofuata kilikuta ALT imerudi ndani ya kikomo. Kwa maoni yangu, kuacha bomba ndiko kulikofanya kazi kubwa, na mlonge ulisaidia kwa kuwa ni chakula kizuri. Wanaokuja kuniomba majani huwapa bila malipo, ila kwanza huwauliza kama bado wanapulizia, na kama ini lao limeshapimwa.