Fomu ya Mwenye Shamba

Ugomvi wa shanga za kale tulizochimbua sisi wanaakiolojia kwenye mtaro wa bomba la maji, kaskazini ya Kilifi, Kenya, ulianzishwa na karatasi moja. Kampuni ya ushauri ilikuja na fomu zake za Uingereza, na mojawapo ilikuwa ile ambayo mwenye ardhi hutia sahihi kuhamishia makumbusho umiliki wa vitu vilivyochimbuliwa kwake. England fomu hiyo ina kazi yake. Ukiondoa hazina zinazoangukia Sheria ya Hazina ya 1996, kigae cha chungu kilichotoka ardhini kule ni cha mwenye ardhi, na makumbusho husita kupokea sanduku ambalo mwenyewe hajaliachia. Huku kwetu alipelekewa mzee ambaye alikwisha kulipwa fidia ya minazi na miembe yake iliyopitiwa na mtaro.

Mzee alimpa binti yake, mwalimu, amsomee. Kesho yake asubuhi akaja nayo kwenye kontena letu.

"Wanangu, hapa mmeandika nahamisha umiliki wangu. Basi ni vyangu. Mnazi mlinilipa, mwembe mlinilipa. Shanga je?"

Hoja ilikuwa imenyooka kuliko fomu. Msimamizi wa mradi, akidhani anaokoa jahazi, akafungua mkataba wa ujenzi. Ulikuwa umenakiliwa kutoka masharti ya 1987 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu cha 27: visukuku, sarafu na vitu vya kale vitakavyopatikana eneo la kazi, baina ya mwajiri (mwenye mradi) na mkandarasi, vihesabiwe mali ya mwajiri. Yale maneno ya katikati, "baina ya mwajiri na mkandarasi", aliyaruka. Kifungu kinawafunga wawili hao tu, mkandarasi asije akatia sarafu mfukoni. Hakimhusu mzee, wala hakiigusi Serikali. Toleo la 1999 limejirekebisha: vitu vinawekwa chini ya uangalizi na mamlaka ya mwajiri, na mambo ya mali hayatajwi. Ila mikataba ya kunakili na kubandika haifi upesi.

Mama aliyeongoza uchimbaji, leseni ikiwa kwa jina lake, hakuinua sauti. Aliweka mezani Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Kifungu cha 46: vitu vya kale vinavyogunduliwa ardhini ni mali ya Serikali. Kifungu cha 30: aliyegundua aiarifu Makumbusho ndani ya siku saba, aeleze mahali hasa na namna kilivyopatikana, na kitu chenyewe akifikishe. Na kuna mpaka wa umri: kiwe kimetengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Mzee akaomba fomu ichanwe mbele yake. Ikachanwa.

Mpaka huo wa 1895 ndio uliompatia chochote. Katika udongo wa juu, unaolimwa, ilitoka senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu, ya 1922. Kisheria si ya kale. Ikapigwa picha, ikaandikwa daftarini, akakabidhiwa. Akaigeuzageuza kiganjani: "Ya mfalme wa Kizungu mnanipa. Za babu zangu mnachukua." Sijasikia lawama ya sheria ile iliyo fupi kuliko hiyo.

Makabidhiano yakafuata. Kila tabaka la udongo lina mfuko wake na kila mfuko lebo mbili, ya ndani ikiandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu nene hufifia kwa joto la kontena. Vigae huoshwa vikakaushwa kivulini hadi ndani. Vikifungwa na unyevu, kuvu hula lebo, na kigae kisicho na lebo ni changarawe tu. Shanga ndogo hupenya chekeche ya milimita 5, kwa hiyo udongo wa mashimo ya taka ulipitishwa kwenye ya milimita 2. Chuma hakioshwi kabisa: huswakiwa kikiwa kikavu, kikatiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli, chembe za kufyonza unyevu. Mkaa wa kupimia umri hufungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, usiguswe kwa mkono.

Orodha ilitiwa sahihi nakala tatu: ya Makumbusho, ya mwajiri, na ya mzee. Yake haikusema lolote juu ya umiliki. Ilisema nini kimetoka shambani kwake, kina gani, na kimepelekwa wapi, ili mjukuu akitaka kukiona ajue aulize namba ipi.

Kilichobaki kilikuwa pesa. Jedwali la gharama halikuwa na mstari wa uhifadhi, na mwajiri, ambaye juzi tu alikuwa mwenye mali kwa kifungu cha 27, sasa akasema mali ni ya Serikali, Serikali igharamie. Baada ya barua kadhaa alikubali kutoa kwenye fungu la dharura bei ya masanduku na usafiri hadi ghala la Makumbusho la Fort Jesus, Mombasa. Kutibu chuma alikataa. Misumari na visu vikaenda na kutu yake, na kwenye kila kopo tuliandika tarehe ya kubadilisha silika jeli.