Nilivyokipata kichwa cha Romero ndani ya Doom II, na bibi akadhani nimeleta wanga

Wazee wa magemu ya zamani, hii ya kwangu mie. Doom II ya 1994, gemu la kupiga mashetani kwa bunduki, ina vitu wale jamaa wa id Software walioitengeneza wamevificha mle ndani, na wengi wetu tunavijua kwa kuangalia video tu, sasa mie nilitaka nivione mwenyewe na sauti moja ya siri niisikie mwenyewe, hapa hapa Wete, kwa laptopu ya mitumba kutoka Dubai ambayo ukiitilia gemu la kisasa inanguruma weee halafu inazima.

Gemu nimelitoa kwenye CD ya ami yangu. Unalolihitaji ni faili moja tu, DOOM2.WAD, kama MB 14 hivi, ramani, picha, sauti, kila kitu kimo humo. La kulichezeshea nikadaunlodi Chocolate Doom, ya bure, mana msimbo wa programu ya Doom ulitolewa hadharani tangu 1997. Laptopu wala haikuguna.

Levo za siri ndo rahisi kidogo. MAP15 (yani levo ya 15) ina njia ya pili ya kutokea imefichwa, ukiipata hiyo hupelekwi 16, unatupwa MAP31 na ghafla umo kwenye ngome ya Wolfenstein 3D, gemu lao la 1992, na wanajeshi wa Kinazi na muziki wao. Humo nako ukitoka kwa njia ya kawaida unarudishwa MAP16, ukiipata ya siri unaingia MAP32, na mwisho wake kuna vitoto vinne vimening'inizwa vimevaa kofia ngumu, kila kimoja ni Commander Keen, shujaa wa gemu lao la 1990, na hutoki mpaka uvipige vyote. Mie nilicheka peke yangu kama chizi. Ila kama humjui Keen utaona ukatili tu, haina maana yoyote. Na kama huna subira andika neno la ujanja idclev31 unaruka moja kwa moja.

Sasa kichwa. MAP30 kuna uso mkubwa wa shetani ukutani una tundu kwenye paji, unamimina mashetani wengine bila kupumzika, na kawaida unapanda lifti ukailenga ile tundu kwa roketi. Nikaandika neno jengine la ujanja, iddqd, nisife, halafu idclip ya kupita kwenye kuta (idspispopd ya Doom ya kwanza huku haikubali), nikatembea nikaingia ndani ya paji kabisa. Bwana! Kichwa cha John Romero, mmoja wa waliolitengeneza gemu lenyewe, kimechomekwa juu ya mti, damu inachuruzika. Yani zile roketi zote unampiga yeye. Wachoraji walimfanyia masihara, na yeye alipokigundua hakukitoa, akajibu kwa sauti.

Hiyo sauti ndo ile ngurumo unayoisikia bosi, yani ule uso wa ukutani, akikuona. Nikalifungua lile faili la WAD kwa programu inaitwa SLADE, nikatafuta sauti inayoitwa DSBOSSIT kwenye orodha, nikaitoa kama faili la wav nikaipeleka Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kwanza nikaipiga kama ilivyo, spika wazi, baada ya isha, nyumba imetulia. Mara bibi chumba cha pili:

"Wee mjukuu wangu, nani huyo anasoma kinyumenyume?"

"Gemu hilo bibi."

"Gemu gani? Hao wanga wa Giningi hao! Zima!"

Na wallahi bibi alikuwa sahihi mana kweli inasomwa kinyumenyume! Nikavaa hedifoni, nikachagua sauti yote, nikabonyeza amri ya kuigeuza, nikasikiliza. Nzito, imekwaruzika, lakini maneno yanasikika, anasema kwa Kiingereza kwamba ili ulishinde gemu lazima umuue yeye, John Romero. Nikairudia mpaka nikachoka. Kwangu mie hii inawashinda wale Keen wanne, kwa sababu haikulazimishi uijue, unaweza kulimaliza gemu ukaishi zako miaka hujui umemuua nani.

Nilichobakisha ni Duke Nukem 3D ya 1996, ya wapinzani wao, levo ya tatu kuna chumba kimefichwa mwanajeshi wa Doom amekufa humo na Duke anamkejeli. CD ya ami hiyo haimo, kwa hiyo mwenye nayo Pemba hii anistue, nitamfata hata Mkoani.