Siku moja maishani mwangu: kuusoma umeme wa seli kwa mwanga, nikiwa Tanga

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya adhana kwa ajili ya faili moja. Ni video ya sekunde 60 tu, lakini ina karibu gigabaiti 8, maana kamera iliyofungwa kwenye hadubini inapiga picha 1,000 kila sekunde. Imerekodiwa jana kwenye maabara iliyoko Ujerumani, nami naichambua hapa Ngamiani. Saa hizi intaneti ni nyepesi. Nikingoja watu waamke, nitapakua mpaka mchana.

Saa 1 asubuhi. Chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi. Mama hupenda kujua ninachokikodolea macho kutwa, na leo kauliza swali zuri: "Mwanangu, huo umeme wa seli unatoka wapi, na hakuna waya?" Nikamweleza. Seli ya neva ikitulia, ndani yake huwa hasi kuliko nje kwa milivolti 70 hivi, kwa jinsi chumvi zilivyogawanyika: potasiamu nyingi ndani, sodiamu nyingi nje. Betri moja ya rimoti inazidi hapo mara 20. Ila utando wa seli una unene wa nanomita 5 hivi. Gawanya, utapata volti milioni 14 kwa mita, na hewa huanza kutoa cheche kwenye milioni 3. Mama akaweka kikombe chini. "Na hautoboki?" Hautoboki. Kila nikiipiga hesabu hiyo bado nastaajabu.

Saa 2. Nimekaa mezani. Zamani, kupima umeme huu ilibidi uiguse seli kwa mrija wa kioo wenye ncha ya mikromita moja hivi. Erwin Neher na Bert Sakmann walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1991 kwa kazi ya mrija huo, na kwa usahihi bado ndio mizani yetu. Lakini mkono wa mtu unashika seli moja, mbili, chache. Ukitaka kuona hamsini zikiitana kwa wakati mmoja, lazima utumie mwanga.

Mwaka 1997 Micah Siegel na Ehud Isacoff waliipachika protini ya kijani ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, ndani ya chaneli ya potasiamu, yaani mlango wa kupitishia potasiamu kwenye utando. Volteji ikibadilika, mng'ao nao unabadilika. Protini ninayoitazama mimi ni ya ukoo wa ASAP1, iliyotangazwa mwaka 2014: kipande kinachohisi volteji asili yake ni kuku, kinachong'aa asili yake ni konyeza. Seli hupewa jeni tu, ikaitengeneza protini yenyewe na kuipanga kwenye utando wake. Unaimulika kwa bluu, inarudisha kijani. Neva ikifyatua, yaani volteji yake ikiruka ghafla kupeleka ishara, kipande cha kuku kinasogea na kijani kinafifia.

Saa 3 mpaka saa 6. Nachora mstari kuzunguka seli moja, kisha programu inanipa wastani wa mwanga kwa kila picha. Mwanzoni ni chenga tupu. Mfyatuko wa neva unachukua milisekunde moja au mbili, yaani picha mbili tatu basi, na kwa muda huo mfupi utando mwembamba vile hutoa fotoni, yaani chembe za mwanga, chache. Ukiongeza mwanga wa bluu chenga zinapungua, lakini protini inachuja kama kanga iliyoanikwa juani kila siku, na mstari wote unateremka polepole. Kwanza nauondoa mteremko huo. Halafu nakuza, nakuza tena, na kwenye sekunde ya 14 nakiona: kishimo kimoja chembamba, picha ya kwanza inashuka, ya pili iko chini kabisa, ya tatu inapanda. Wengi hugeuza grafu ili mfyatuko uelekee juu. Mimi nauacha chini, kwa kuwa ndivyo mwanga ulivyofanya.

Lakini leo kulikuwa na kitu kingine, viwimbi vidogo sawasawa kwenye seli zote. Moyo ulinidunda. Seli hamsini zikitetemeka kwa mwendo mmoja ni habari kubwa.

Saa 7. Umeme wa mtaani ukakatika. Nikapanda baiskeli hadi Deep Sea kutafuta samaki, nikamkuta mjomba anakung'uta nyavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usiguse huyo, anawasha."

Konyeza alikuwa amenasa kwenye matundu, kama ute wa yai. Nikamwambia mjomba kwamba protini yangu ya kijani ilipatikana kwa jamaa yake wa Pasifiki, upande wa Marekani, na Osamu Shimomura ndiye aliyeieleza mwaka 1962. "Na huyo anawaka usiku?" Anawaka akisumbuliwa, kwenye ukingo wa mwavuli wake. Mjomba akasema hata huku bahari huwaka usiku wa giza kasia likipiga maji. Hao ni viumbe wengine, vidogo visivyoonekana kwa macho, lakini nilifurahi kwamba kaifikiria.

Saa 10. Umeme umerudi. Njiani nilikuwa nimeamua la kufanya: nikachora duara mahali pasipo na seli hata moja. Viwimbi vipo. Nikavihesabu, 100 kwa sekunde kamili. Umeme wa majumbani kwao Ujerumani, kama wetu, ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa humeta mara mbili ya hapo. Kuna taa iliachwa ikiwaka chumbani wakati wa kurekodi. Niliumia, kwa kuwa asubuhi nilishaanza kuandika sentensi ya kwanza ya habari njema. Nimeifuta.

Saa 12 jioni. Ripoti. Kwenye mhimili wima nimeandika asilimia ya mabadiliko ya mwanga, wala sikuandika milivolti, ingawa wameniomba. Hakuna seli hata moja kwenye sahani ile ya maabara iliyopimwa kwa mrija siku hiyo, na kila seli ina kiasi chake cha protini. Kishimo kinaniambia neva ilifyatua lini. Ilifikia milivolti ngapi, hakiniambii. Kwa hili sitalegea.

Saa 3 usiku. Jibu limeingia: ni taa ya dari, watarudia kesho gizani, na seli mbili zitawekewa mrija. Nimetega kengele ya saa 11.