Karavani kando ya mawimbi, Tsitsikamma

Jamani, bahari ya huku Afrika Kusini haina masihara! Tumevuta karavani letu kwa barabara ya N2 hadi Storms River Mouth na kuegesha karibu kabisa na miamba. Usiku mawimbi yanapiga mpaka vikombe vinalia kabatini. Sisi wa Tanga tumezoea maji yanayokupwa taratibu. Hapa ni majabali na povu tu.

Eneo hili lilifanywa hifadhi mwaka 1964, na sasa limo ndani ya Garden Route National Park. Asubuhi tumevuka daraja linaloning'inia mdomoni mwa mto, urefu wake mita 77. Mume wangu kashika waya kwa mikono miwili, eti anaangalia mandhari! Maji ya mto yana rangi ya chai kavu, kwa sababu ya majani ya msituni.

Pimbi nao wamejaa, hawana aibu. Ukiacha mlango wazi, mkate si wako tena.

Kesho tunatembea kipande cha mwanzo cha Otter Trail, kilomita kama tatu hadi kwenye maporomoko. Njia nzima ni siku tano, tena kwa kuweka nafasi mapema.