Siku moja maishani mwangu: mchezo wa redio mchana, jazi usiku

Saa 1:10 asubuhi. Niko kwenye treni kutoka Karlsruhe kwenda Baden-Baden, huku Ujerumani, kahawa mkono mmoja, mswada mkono mwingine. Mimi ni msaidizi wa mwongozaji wa michezo ya redio. Kwa kifupi, kazi yangu ni kujua kila mtu yuko wapi, yuko ukurasa gani na anaondoka saa ngapi. Waigizaji wengi wa huku ni watu wa jukwaani, na jioni wana maonyesho yao miji mingine. Kwa hiyo hatuurekodi mchezo kwa mpangilio wa hadithi. Leo tunaanza na mazishi. Harusi ni Alhamisi.

Saa 2:15. Basi namba 201 hadi katikati ya mji, halafu kilima kwa miguu. Barabara ya huko juu inaitwa Hans-Bredow-Straße, jina la mhandisi aliyeilea redio ya Ujerumani tangu matangazo yalipoanza Berlin tarehe 29 Oktoba 1923. Mwaka mmoja tu baadaye, kituo cha Frankfurt kikarusha mchezo wa Hans Flesch ulioandikwa kwa ajili ya redio yenyewe, na kisa chake kilikuwa matangazo yanayovurugika studioni. Redio haijaota meno, wenzetu wameshaanza kuitania.

Nilipokuwa mdogo Tanga tulikuwa na Twende na Wakati ya Radio Tanzania, mchezo usioisha, unangoja kipindi kijacho kujua nani kafumaniwa. Huku mara nyingi mchezo ni mmoja, chini ya saa nzima, basi. Nilichukua muda kukubali.

Saa 3:00. Mzee ameshafika, koti bado mwilini, anasoma kwa sauti ya chini. Ndiye mwongozaji. Yuko kwenye redio za umma tangu enzi za tepu, na alianza kwa kuzikata. Tepu ya studio ilikwenda sentimita 38 kwa sekunde. Pumzi ya nusu sekunde ilikuwa kipande cha sentimita 19: unakishika, unakikata kwa mkasi usioshika sumaku, unakining'iniza shingoni kisipotee. Akawa msaidizi kama mimi, kisha mwongozaji wa kujitegemea anayelipwa mchezo kwa mchezo. Kipindi cha jazi cha usiku alikiomba mwenyewe, kwa sababu kati ya mchezo na mchezo huweza kupita miezi, na kodi ya nyumba haingoji. Wenzake husema alifanya hivyo kwa mapenzi ya muziki. Yote mawili ni kweli, ila la kodi ndilo analolisema yeye.

Saa 3:40. Makaburini. Mandhari ya nje tunayarekodi kwenye chumba kisicho na mwangwi, kuta zimejaa sponji za pembepembe, maana uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Kaa humo dakika chache kimya, utaanza kuusikia mwili wako mwenyewe. Waigizaji hawakariri, wanasoma. Kila karatasi iko peke yake kwenye stendi, na anayegeuza ukurasa kwa pupa hutazamwa vibaya na watu wote.

Mjane ana sentensi mbili tu: "Funikeni. Mvua inakuja." Kabla ya kuzisema mwigizaji akavuta pumzi, ya ghafla, nzito, ya mtu aliyetaka kusema jambo jingine akaghairi. Fundi mitambo akasimamisha kila kitu.

"Hiyo pumzi tunaiondoa. Watu siku hizi wanasikiliza kwa hedifoni, itawapulizia sikioni."

"Ibaki," akasema Mzee.

"Itasikika kama kasoro."

"Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza."

Wakabishana mpaka mwigizaji akaomba chai. Fundi ana hoja, nami huisikia kila nikiwa kwenye treni na hedifoni zangu. Lakini tulipoicheza bila pumzi, mjane alitoweka, akabaki mtu anayesoma karatasi. Kitu ninachokipenda kwa Mzee ni kwamba hamhubirii mwigizaji huzuni ni nini. Humwambia tu: chelewa kidogo. Au: ingia kabla mwenzio hajamaliza. Au: rudia, lakini usiboreshe. Ni maagizo ya kiongozi wa bendi, na sidhani kama mwenyewe anajua.

Saa 7:00 mchana. Viazi. Tuendelee.

Saa 7:45. Milio. Studio ina ngazi ambayo kila daraja limegawanywa: upande wa mbao, wa jiwe, wa zulia, mtu apande nyumba yoyote tunayoitaka bila kutoka mlangoni. Theluji ni wanga wa viazi ndani ya mfuko, unauminya kwa hatua, na kweli unalia kama theluji inayokanyagwa. Leo miguu ya marehemu, alipokuwa hai, ni yangu. Nimepanda na kushuka mbao nikiwa nimevaa viatu vya mtu mwingine, na Mzee kwenye spika: "Huyu jamaa ana deni. Tembea kama mwenye deni." Hapo sikuhitaji kuigiza.

Saa 11:00 jioni. Waigizaji wamekwenda, meza inajaa santuri. Kipindi cha leo kinamhusu Joachim-Ernst Berendt, aliyekuwa miongoni mwa walioianzisha Südwestfunk, redio ya mji huu huu, mwaka 1945, akaongoza idara yake ya jazi hadi 1987. Kazi yangu ni kuhakiki tarehe. Oktoba 1935, mkuu wa matangazo Eugen Hadamovsky alipiga marufuku jazi kwenye redio zote za Ujerumani. Baba yake Berendt, mchungaji aliyewapinga Wanazi, alifia kambi ya Dachau mwaka 1942. Miaka mitatu baadaye mtoto yuko redioni, na muziki anaoupeleka hewani ni ule ule uliokatazwa. Mzee ameandika ukurasa mzima wa maelezo juu ya hilo. Nikakata nusu, kwa sababu tarehe hizo zikipangwa tu zinatosha. Akairudisha.

Saa 3:05 usiku. Tuko hewani. Anaongea sana kabla ya santuri, ndiyo kasoro yake, na baada ya miaka yote hii hakuna wa kumrekebisha. Hatimaye anaweka Oscar Peterson, rekodi za miaka ya 1960 kutoka Villingen, mji wa Msitu Mweusi, si mbali na hapa. Hans Georg Brunner-Schwer, mwenye kiwanda cha redio, alikuwa akimwalika Peterson nyumbani kwake, akawakalisha rafiki wachache kando ya piano, akarekodi. Sikiliza vizuri: chini ya piano Peterson anaguna, anaifuata midundo kwa koo. Hakuna aliyemfuta.

Simu yangu ikawaka. Ni fundi mitambo, yuko nyumbani. "Nawasikiliza. Ujanja nimeuona. Ile pumzi ya mjane bado naishusha desibeli sita."

Nikamwonyesha Mzee santuri ikiendelea. Akavua miwani, akasoma mara mbili.

"Mwambie tatu."