Bibi wa kwenye simu

Nyie mnaoijua Tanga ya zamani, ile ya baiskeli, msije na picha hiyo kichwani. Basi linakushusha Kange huko, bodaboda wanakugombania kabla mguu haujagusa chini, Chongoleani sa hivi ndo mwisho wa bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 wanasema, na bandarini pamechimbwa meli kubwa inakuja kufunga gatini, wakati enzi zetu mzigo ulikuwa unafatwa na matishari kule majini. Uwanja wa ndege nimelipa viza dola 50 kuingia kwetu, mana pasipoti yangu ni ya Uingereza. Yote hayo nimeyameza. Wallahi hata ile viza nimeimeza.

Lililonikwama ni jingine.

Wengi mnajua nilikuwa jeshi la Waingereza. Tanzania iko Jumuiya ya Madola, tulipokelewa wengi, Wafiji, Waghana, Wakenya, watu wa Nepal nao wana kikosi chao. Mi nilikuwa dereva wa lori, na msimu wa baridi wa 2010 kuingia 2011 nikapelekwa Helmand, Afghanistan, kambi ya Camp Bastion, jangwa tupu na vumbi laini kama unga wa ngano. Kazi ni msafara, unapeleka maji, vyakula na risasi kwenye vikambi vya mbele, na ugonjwa mkubwa ni mabomu ya kutegwa barabarani. Mnatembea taratibu kuliko mkokoteni, watu wanashuka mbele na vifaa wanapima ardhi, we umekaa kwenye usukani unaangalia kila tuta la mchanga na jasho linakutoka hata kama nje kuna baridi.

Nyumbani niliwaambia niko Cyprus, stoo, nagawa blanketi. Waingereza kweli wana kambi Cyprus, tena ukitoka vitani wanakupitisha pale siku moja mbili uoge baharini upoe kichwa kabla ya kurudi kwa watu, kwa hiyo uongo wenyewe haukuwa mbali sana na kweli. Na ningedanganya tena. Mama yangu ana presha.

Ila bibi nilimwambia. Bibi hakuwa mtu wa kufichwa, mume wake alikwenda na Keya, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, mpaka vitani Burma, 1944 huko, barua zinaandikwa na mwenye kujua kuandika zinasomwa na mwalimu wa chuoni, zote zinasema sijambo. Alikuwa anasema barua ya askari isome ilipopinda, usisome maneno.

Basi tulikuwa tunapewa dakika 30 za simu bure kwa wiki. Kule wako mbele yetu saa moja na nusu, mi napiga kwetu watu wametoka kuswali isha, mama anaweka laudispika nyumba nzima inaamkia, alafu simu inapelekwa chumbani kwa bibi. Ananisomea Ayatul Kursiyyu mpaka mwisho, ananiombea nikingwe na shari ya mbele na ya nyuma, anauliza unarudi lini. Kila simu unarudi lini.

Na kuna kitu raia hawakijui. Askari akiuawa au akiumizwa vibaya, kambi inakata simu zote za nyumbani na intaneti, wenyewe wanaita Op Minimise, mpaka familia yake ifatwe mlangoni iambiwe ana kwa ana. Lengo ni mama wa mtu asije akasikia kwa jirani au kwenye taarifa ya habari. Kwa hiyo we umekaa kwenye foleni ya simu, ghafla laini hazipo, na foleni nzima inajua kuna mtu ameondoka, hamjui nani. Vita ile Waingereza walikufa 457, hesabu mwenyewe zilikatwa mara ngapi. Huku Tanga wanasema huyo ameshasahau kwao, hapigi.

Sasa juzi naenda makaburini kumzuru bibi. Mi niliambiwa amefariki Ramadhani ya 2011, nishatoka vitani niko Uingereza, nikasoma Yasini peke yangu bwenini. Nafika, kibao cha saruji, tarehe imechorwa na msumari saruji ikiwa mbichi, namba 2 mkia wake umeburuzwa: Februari 2011. Nikamwambia binamu huyu aliyechora kakosea. Akaniangalia, akaanza kucheka.

Februari mi niko kwenye lori. Na Machi yote nimeongea na bibi.

Mama mdogo, yakhe. Sauti zao zilikuwa zinafanana, akiongeza kikohozi kidogo na kusema ana mafua basi imeisha. Wanasema nyumba nzima inakaa kimya, wengine wanaziba midomo na khanga wasicheke, mama anatoka nje kulia uani. Barazani wananiigizia mpaka leo, mzee mmoja machozi yanamtoka kwa kicheko, mama yako mdogo angekwenda redioni kucheza michezo ya kuigiza yule. Nikacheka nao. Alafu nikakumbuka dua za njiani, zile nilizokuwa nikizirudia mdomoni tukipita palipolipuka jana, na sasa sijui zipi za nani. Huyu bibi wa pili hakuniuliza hata mara moja unarudi lini, na mi nilifurahi mana jibu sikuwa nalo.

Jeshi la watu, wazungu, wasionijua kwa ukoo wala kwa dini, walikuwa wanazima kambi nzima ili mwenye msiba ajue kwanza. Damu yangu wameniweka mwisho, baada ya muuza kahawa.

Nimemuuliza mama mdogo. Yuko anakuna nazi, hata hakusimama. "Ulitaka nikwambie umeshika usukani? Ungeangalia njia we?" Nikanyamaza. Mbuzi ikaendelea kukwaruza.

Nyie mlio nje, sa hivi kuna video, mwambieni mgonjwa aoneshe uso, na tafuteni mtu mmoja asiyewapenda sana ndo awe anawapa habari. Vijana wa Makorora mnaoniuliza njia ya kuingia jeshini, ile kanuni ya kuishi Uingereza kwanza miaka 5 iliondolewa 2018 ila masharti yanageuka kila saa, na mi wiki hii sina hamu ya kumshauri mtu.

Hitma ya bibi tutasoma Ijumaa baada ya alasiri, mliopo karibuni. Mama mdogo ndo anapika pilau. Nimemwambia apike tu, simu asipokee.